Ufa Uliopakwa Rangi

Mwili wa Raheli ulikuwa mtaroni, chini ya mteremko nje kidogo ya Kinampanda, kofia ngumu ikiwa bado kichwani. Pikipiki yake ilikuwa hatua ishirini juu yake. Ilikuwa imelala ubavu, na injini imening'inia upande mmoja wa fremu.

Mkaguzi wa Polisi Hajira Sultani alifika kutoka Kiomboi saa mbili asubuhi. Koplo Raymond alikuwa amekwisha kupima alama za tairi.

"Tairi la nyuma limeburuzika mita kumi na nne, afande," alisema. "Lilijifunga ghafla. Hakuna gari jingine lililohusika. Mkulima mmoja alimkuta saa kumi na mbili na nusu, ameshakata roho. Ni ajali."

"Marehemu ni nani?"

"Raheli Mathayo, miaka ishirini na sita. Muuguzi, anajitolea kwenye zahanati. Leo alikuwa anawahi usaili wa ajira Singida mjini. Baba yake ni yule pale."

Mzee Mathayo alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, miguu pekupeku, mikono juu ya magoti. Hajira alichuchumaa mbele yake.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa."

"Nani alikuwa anaitengeneza pikipiki ya Raheli?"

"Mimi. Ni fundi. Tangu nimnunulie haijaguswa na mkono mwingine."

"Mara ya mwisho uliishika lini?"

"Jumamosi."

"Ilikuwa na tatizo gani?"

Mzee alifuta viganja kwenye magoti. "Oili tu," alisema.

Hajira aliirudia pikipiki. Injini hushikwa kwenye fremu kwa mabati mawili ya chuma kinene, moja kila upande. Mafundi huyaita mauntingi. La kushoto lilikuwa limekatika vipande viwili. Injini ilipoinama, cheni ilichomoka na kukwama kwenye tairi. Hapo ndipo tairi lilipojifunga.

Alipiga picha, akaagiza pikipiki ipelekwe kituoni kama kielelezo.

Mchana huo alimwita Idrissa, fundi anayehudumia pikipiki za polisi Kiomboi. Idrissa alikisogeza kipande cha chuma kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu.

"Hii haikukatika leo, afande. Tazama hapa palipokatika. Sehemu kubwa ni nyeusi, ina kutu. Ufa uliingia humo wiki nyingi zilizopita, ukawa unatembea polepole. Kilichokatika leo ni hiki kidogo kinachong'aa."

"Raheli angeweza kuuona?"

"Asingeweza." Idrissa alikwangua kwa ncha ya bisibisi. Unga wa kijivu ulianguka mezani. "Hii ni puti, ile ya kuzibia mabati ya magari. Mtu ameijaza kwenye ufa, akapiga msasa, akapaka rangi juu. Puti haishiki chuma kinachotetemeka. Inaficha tu."

"Labda fundi hakujua kazi."

Idrissa aliinuka, akaenda upande wa kulia wa pikipiki. Alisugua rangi kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma kikaonekana.

"Huku nako kuliwahi kupasuka," alisema. "Ona kilivyotengenezwa. Kwanza katoboa tundu dogo mwisho wa ufa, ili ufa usitembee tena. Halafu kachimba njia kwa grenda, kachomelea, kakazia bati kwa nyuma. Kazi safi sana. Mimi mwenyewe siifikii."

"Ni fundi mmoja?"

"Rangi ni ileile. Na wewe umeniambia baba yake kasema hakuna mwingine aliyeigusa."

Hajira aliutazama upande wa kulia, kisha wa kushoto. Aliyetengeneza upande wa kulia alijua vizuri cha kufanya upande wa kushoto. Alichagua kutofanya.

Jioni, Raymond alimletea simu ya marehemu. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini ilikuwa inawaka. Kulikuwa na simu saba zisizopokelewa, zote kutoka kwa Baba. Ya kwanza ilipigwa saa kumi na mbili kasoro robo, ya mwisho saa kumi na mbili na robo.

Kesho yake Mzee Mathayo aliletwa kituoni. Hajira alimsomea haki zake: hakulazimika kusema lolote, na atakalosema lingeweza kutumika mahakamani. Raymond alikaa pembeni na karatasi za maelezo.

"Jana alfajiri ulimpigia Raheli mara saba. Ulitaka nini?"

"Kumtakia heri."

"Mara saba?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa nyumbani alipoondoka?"

"Nilikuwa nimelala. Sikusikia injini. Lazima aliisukuma pikipiki mpaka barabarani ndipo akaiwasha. Hakutaka kuniamsha."

Hajira aliweka mezani mabati yote mawili ya injini, la kulia zima, la kushoto limekatika. "Upande wa kulia nani alichomelea?"

"Mimi. Wakati wa masika."

"Na huu wa kushoto, nani alitia puti?"

Mzee alikigusa kipande kile kwa kidole. Alipitisha ukucha palipokatika, taratibu, kama anavyofanya fundi akitafuta ufa.

"Jumamosi aliniambia, baba, inatetemeka miguuni," alisema. "Nikaukuta ufa. Ilikuwa kazi ya saa moja tu. Nikawasha grenda, nikaizima."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ameniambia wakimchukua watampeleka Mtwara. Mama yake alikufa Raheli akiwa na miaka minne. Nilimlea mle gereji, kwenye boksi la spana. Nikisema nipe spana ya kumi na mbili, ananipa ya kumi na mbili, hata kusoma hajui. Mtwara, afande, mwisho wa nchi. Nikajiuliza, jioni nitaongea na nani?"

"Ukataka pikipiki iharibike."

"Nilitaka akose usaili, basi. Nilijua kile chuma hakifiki hata njia panda ya Misigiri. Nilidhani injini italegea, pikipiki itazima, atanipigia nikamfuate. Ningemfuata. Ningemwambia pole mwanangu, Mungu hakupanga." Aliinua macho. "Cheni sikuifikiria. Miaka thelathini na mbili nashika pikipiki, na cheni sikuifikiria."

"Na simu?"

"Usiku mzima sikulala. Alfajiri nikaamua nimwambie ukweli. Kumbe usingizi ulinichukua kidogo. Nilipoamka, chumba chake kiko wazi na pikipiki haipo. Nikakimbia barabarani huku napiga simu. Iliita tu. Nikakimbia mpaka nikaona watu wamesimama."

Raymond aliacha kuandika.

"Jana hukusema," Hajira alisema.

"Jana ungeniuliza ningekwambia. Uliniuliza habari ya oili."

Hakuwa amemuuliza habari ya oili. Hajira hakumsahihisha. Aliyasoma maelezo kwa sauti tangu mwanzo, mzee akatia dole gumba. Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia.

Raheli alizikwa Alhamisi. Hajira aliomba kibali, akampeleka Mathayo mwenyewe. Nyuma ya gari la polisi alimfungua pingu, wakatembea pamoja mpaka kaburini. Watu waliwapisha. Mchungaji alipoita wazazi, mzee alisogea peke yake, akachota udongo kwa mikono miwili, akasimama nao. Ilibidi Raymond amshike kiwiko ndipo akauachia.

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, binti mmoja mwenye sare ya zahanati alijitenga na wenzake. Alikuwa Elizabeti, aliyesoma na Raheli tangu darasa la kwanza. Habari alikuwa nazo. Kijiji kizima kilikuwa nazo.

Alisimama mbele ya mzee, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Usiniamkie mimi," Mathayo alisema.

Elizabeti hakuondoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Shikamoo, baba," alisema tena.

Mzee alitazama kando. Hajira alisimama, pingu zikiwa mfukoni, akangoja.

"Marahaba," Mathayo alisema. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barabarani, akalia.