Mguu Uliovunjika Bila Kuuma

Asubuhi ile theluji ilikuwa ikiyeyuka kwenye paa. Mahtaba alitia makaa kwenye kangri, kile chungu cha udongo kilichovishwa kikapu, akamwekea mumewe karibu na tumbo. Hakuthubutu kuiweka miguuni. Manzur alikwisha kuungua huko mara moja bila kujua, na kovu analo mpaka leo.

Manzur alikuwa mkwea mijozi, miti izaayo jozi, zile kokwa za ganda gumu. Kila Septemba wanaume wa kijiji hupanda miti hiyo mirefu na kuzipiga jozi kwa fito ndefu, zidondoke chini. Na kila Septemba mtu huanguka. Mwaka juzi tawi lilikuwa na umande, na aliyeanguka alikuwa yeye. Uti wa mgongo ulivunjika, na mishipa ya fahamu iliyo ndani yake ikaumia. Toka siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, hasikii kitu wala hawezi kusogeza kitu.

Hospitali ya mjini walimfundisha mazoezi, wakampa na karatasi yenye picha. Mama yake, Bi Fazi, aliitazama karatasi ile mara moja tu.

"Mtu kavunjika mgongo, wao wanataka arukeruke," alisema. "Mfupa mbovu unataka utulivu. Mlaze. Kumlisha niachie mimi."

Karatasi ikatumika kuwashia jiko.

Bi Fazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila Ijumaa alimchemshia supu ya makongoro, maana aliamini mfupa hujengwa na mfupa. Baridi kali ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Manzur alilala chali akihesabu mbao za dari. Zamani mikono yake ilikuwa haitakati msimu wote wa mavuno, kwa ile rangi nyeusi ya maganda mabichi ya jozi. Sasa ilikuwa safi na laini kama ya mgeni.

Siku hiyo wajomba walikuwa wanakuja kumjulia hali. Mahtaba alitaka awe amevaa suruali mpya. Mguu wa kushoto ulikuwa umekakamaa, goti halikunjiki. Akaukamata kisigino, akauzungusha kidogo ili uingie.

Ka!

Ilikuwa sauti ndogo tu, kama jozi inayopasuka.

"Umesikia, Baba Zeba?" alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nini?"

"Kama kitu kimevunjika."

"Labda kuni jikoni. Mimi siumwi popote." Manzur akacheka. "Mtu asiyeumwa ni mzima, Mama Zeba. Haya, nivalishe, wajomba wasinikute uchi."

Wajomba walikuja, wakanywa chai ya chumvi, wakaondoka. Siku ya nne Manzur akashikwa na homa. Mahtaba alipofunua blanketi, paja la kushoto lilikuwa limevimba na lina moto.

"Ni kijicho cha watu," alisema Bi Fazi. "Suruali mpya ile."

Mahtaba hakubishana naye. Alitafuta gari, akampeleka mumewe hospitali. Walipiga picha. Mfupa wa paja ulikuwa vipande viwili.

"Alianguka tena?" daktari aliuliza.

"Hapana. Nilimvalisha suruali."



Mfupa uliungwa kwa chuma, na baada ya wiki tatu Manzur akarudi nyumbani. Lakini Mahtaba hakumgusa tena kuanzia kiunoni kwenda chini. Alimlisha, alimnyoa ndevu, basi. Kumgeuza na kumwosha alimwachia Bi Fazi, na Bi Fazi mwenyewe mgongo ulikuwa hauna nguvu.

"Umenichoka?" Manzur alimuuliza.

"Sijakuchoka. Naiogopa mikono yangu."

Manzur aligeuza uso ukutani.

Mwezi wa nne kituo cha afya kilimleta Taslima, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alivua viatu mlangoni, akakaa chini sakafuni, akafunua miguu yote miwili. Aliikagua ngozi kwanza, visigino na makalio, kuona kama kuna vidonda vya kulalia. Kisha akauliza, "Tangu aanguke amewahi kusimamishwa?"

"Asimame na nini, bibie?" Bi Fazi alimjibu. "Huoni miguu imekufa? Lakini chakula hajakosa. Muulize mwenyewe makongoro aliyokula."

"Makongoro ni mazuri, Mama. Maziwa pia, na jua. Ila mfupa haulishwi kwa mdomo tu. Mfupa unalishwa kwa uzito. Wewe na mimi tukisimama, mwili unaikandamiza mifupa, nayo inajijenga. Mtu akilala miaka miwili, mifupa ya miguu inamomonyoka kwa ndani. Umewahi kuona nyumba isiyokaliwa? Habomoi mtu. Inaoza yenyewe."

Bi Fazi akaiangalia miguu ya mwanawe.

"Kwa hiyo si mimi?" Mahtaba aliuliza kwa sauti ndogo.

Taslima alimtazama. Hakutaka kumdanganya. "Mguu uliuzungusha, dada, nao haukupaswa kuzungushwa. Lakini mfupa ulikuwa umeshakuwa ganda. Ungevunjika kwa yeyote. Na huu wa kulia unaelekea hukohuko. Mtu pekee mwenye nguvu ya kuuzuia humu ndani ni wewe."

"Mimi siwezi."

"Basi utavunjika."

Maneno yalikuwa makali, lakini ndiyo yaliyomnyanyua Mahtaba. Alisogea, akapiga magoti kando ya mumewe. Taslima akamwonyesha. Mkono mmoja chini ya goti, mwingine chini ya kifundo. Usiunyanyue mguu kwa kisigino peke yake. Usiusokote. Kunja polepole, na ukifika panapokataa, simama hapo, usilazimishe. Mahtaba alifanya huku machozi yakimdondoka juu ya blanketi.

"Na kila asubuhi mtazame," Taslima aliendelea. "Yeye hasikii, kwa hiyo macho yako ndiyo maumivu yake. Ukiona uvimbe, joto, michubuko, au mguu umepinda, usingoje siku ya nne."

"Nitatembea?" Manzur aliuliza.

"Sidhani. Mazoezi haya hayarudishi mishipa iliyoumia, wala mfupa hautakuwa kama wa zamani. Yatapunguza kumomonyoka, na viungo havitakakamaa. Ukitaka uongo, yupo anayeuuza sokoni."

"Haya," Manzur alisema. "Bora nimeambiwa."

Taslima alichora fremu ya kusimamia: ubao wa mgongo, meza ya kifuani, mikanda ya kifua, nyonga na magoti. Seremala alipokuja kupima mbao, Bi Fazi alikwenda ghalani. Alirudi na fito za Manzur, zile za kupigia jozi, ambazo alikuwa amezificha mwanawe asizione tena.

"Zikate uweke mahali pa kushikia," alimwambia seremala. "Zilimwangusha. Sasa zimsimamishe."

Hawakukimbilia kumsimamisha. Kwanza walingoja mguu uungane, daktari akapiga picha nyingine, akaruhusu. Mwezi wa nane Taslima akamfunga mikanda kwa mara ya kwanza. Walimwinua kidogokidogo. Baada ya dakika mbili Manzur alipauka akaona kizunguzungu, wakamlaza haraka. Kesho yake akafikisha dakika tatu. Siku nyingine alitukana fremu, akamtukana seremala na ukoo wake. Mahtaba alimfunga mikanda vilevile, goti lile la kulia akilishika kama yai.

Septemba ikafika. Mijozi ilipigwa na watu wengine. Jirani alikuja na habari kwamba mtu wa kijiji cha pili ameanguka, amekufa palepale. Manzur hakula siku hiyo.

Kesho yake, akiwa amesimama kwenye fremu mbele ya dirisha, aliomba gunia la jozi. Mahtaba akamwagia kiasi kwenye meza ya kifuani. Manzur akaanza kuzimenya maganda mabichi, na vidole vikaanza kuwa vyeusi. Alikuwa amefikisha nusu saa kwa siku sasa. Picha ya mwisho ilionyesha mguu wa kulia u mzima.

Mahtaba aliinama kukaza mkanda wa goti.

Ka!

Alijitupa nyuma mpaka ukutani. Hakuweza kutazama. Mikono yake alikuwa ameificha kwapani.

"Mama Zeba," Manzur alimwita. "Mama Zeba, nitazame."

Akainua macho. Mumewe alikuwa amesimama, mrefu kuliko yeye, jambo alilokwisha kulisahau. Katika kiganja chake cheusi mlikuwa na jozi iliyopasuliwa, kokwa yake nzima.

"Ni jozi tu," alisema. "Njoo ule."