Karatasi ya Ukuta wa Jikoni

Kila asubuhi Nthenya alipofika kwenye lango la shule yao mjini Voi, Mzee Muinde, mlinzi, alimwuliza, "Mwanafunzi, umekula?" Akijibu ndiyo, mzee alicheka na kumfungulia. Mbuzi wake alizurura uani, na maziwa yake yalimlea mjukuu wa mzee.

Ijumaa hiyo Gredi ya Sita walikuwa na mchezo wa kusaka. Mwalimu Tryphena alikuwa amebandika karatasi sita shuleni, kila moja ikiwa na msimbo, ule mraba wenye vidoadoa vyeusi. Ukiuelekezea kishikwambi, swali la jiografia linatokea. Ukijibu sawa, unaonyeshwa karatasi inayofuata iko wapi. Gundi ilikuwa imekwisha, hivyo mwalimu alibandika kwa ugali. Kundi la kwanza kumaliza lingewakilisha shule kwenye mashindano ya jiografia mjini Mwatate.

Nthenya alitaka kwenda Mwatate kufa kupona. Kwenye ukuta wa jikoni kundi lake lilijibu kwamba kilele kirefu zaidi katika Milima ya Taita ni Vuria, wakaelekezwa kwenye tangi la maji. Wenzake wakatoka mbio. Nthenya akasikia kundi la Wakio linakuja. Wakio alizaliwa Werugha, huko huko kwenye Milima ya Taita. Swali la Vuria kwake lilikuwa mteremko. Nthenya akabandua karatasi, akaificha ndani ya sweta.

Kundi lake likashinda. Wakio akaja akilia. "Mwalimu, tutaskani nini? Karatasi ya jikoni haipo!"

"Mbuzi wa Mzee Muinde ameila," Nthenya akasema haraka.

Mwalimu mkuu, Bwana Danson, aliwaka. "Muinde, nilikuonya! Mbuzi huyu aondoke leo. Na Jumatatu uje ofisini, tuone kama bado una kazi hapa."

"Sawa, mwalimu," mzee akajibu, akaondoka kumtafuta mbuzi. Nthenya aliona aibu hata akashindwa kusherehekea, na karatasi ilimkwaruza tumboni kila alipopumua. Akamfuata mzee.

Alimkuta mbele ya ukuta wa jikoni, akitazama vibonge vinne vya ugali vilivyobaki ukutani. Vilikuwa vizima.

"Mbuzi angeanza na ugali," mzee alisema polepole. "Nilikuwa naenda kumwita mwalimu aone. Halafu nikakuona unakuja."

Nthenya akatoa karatasi. "Nisamehe, Babu. Ni mimi."

"Mimi nimesikia. Twende ukawaambie na wao."

Aliwaambia wote, huku wenzake wa kundi wakimtazama kwa hasira. Bwana Danson akavua kofia. "Mzee, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuangalia. Mbuzi abaki, nawe ubaki kazini." Karatasi ikarudishwa ukutani, kundi la Wakio likamaliza, na wao ndio wakachaguliwa.

"Nthenya," Mwalimu Tryphena alisema, "njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika jikoni tu. Lakini fikiria: ulitaka safari, na mzee angepoteza kazi. Ushindi unaomwumiza asiye na hatia si ushindi."

Jumatatu Nthenya alilikaribia lango kwa hofu.

"Mwanafunzi, umekula?" Mzee Muinde akauliza.

Machozi yalimzuia kujibu. Mzee akamfungulia lango.