Wa Nyuma Wamuone Bi Harusi

Basi la Nairobi lilikuwa limeshaanza kurudi kinyumenyume pale Mwembe Tayari, kondakta akilipiga ubavu kwa kofi, abiria wa mwisho kasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Maisara hakuwa na habari nalo. Yeye alikuwa na vita vyake: boksi la televisheni, pana kama mlango, lililokataa katakata kuingia kwenye tuktuk ya Kadenge.

"Dada!" sauti ikamjia kutoka mlangoni mwa basi. "Hiyo ni ya nyumbani au ya biashara?"

Maisara akageuka, buibui lake lenye tarizi ya zari mikononi likipepea. Akamwona kijana mrefu, shati la samawati limenyooka kwa pasi.

"Assalamu alaykum kwanza," akasema.

"Samahani. Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam. Ya ukumbi wa harusi. Kwani televisheni nazo zina kabila?"

"Zina. Hiyo ya nyumbani imezoea watu wanne na taarifa ya habari. Ukiiwasha mchana kutwa kila siku itachoka kabla ya mwaka, na wenye duka wakijua ilikuwa ukumbini, waranti ya kutengenezewa hakuna. Tena kioo chake chang'aa. Ukifungua dirisha, wageni watajiona wao wenyewe."

"Na weye ni nani, tabibu wa televisheni?"

"Naitwa Faiz. Nafunga vyombo vya sauti na picha mahotelini."

"Bwana we!" kondakta akapiga ukelele. "Twaenda au unaoa?"

Kadenge akacheka mpaka akashika usukani. Faiz akalitazama basi, akalitazama boksi, akayatazama yale macho yaliyopakwa wanja. Akashuka. Begi lake lilikwenda Nairobi peke yake, na kesho yake likarudi peke yake.

Boksi lilirudishwa dukani jioni ile ile, na Faiz akapelekwa Mji wa Kale kuuona ukumbi. Ilikuwa nyumba ya nyanyake Maisara, huko Kibokoni. Maisara alikuwa ameacha kazi ya benki, yeye na shangazi yake, Bi Mwanakuu, waigeuze sebule ya chini iwe ukumbi wa sherehe za wanawake. Ami zake walimpa mpaka Ramadhani. Ukumbi usiposimama, nyumba itakodishwa kwa wauza vinyago wa watalii.

"Mimi nazitaka zile spika kubwa zenye mataa," Bi Mwanakuu alisema, akimimina chai ya tangawizi.

"Zile zaimbia kochi moja, Shangazi," akasema Faiz. "Hapa ukizipandisha, wa mbele watakuwa viziwi na wa nyuma hawatasikia kitu. Ukumbi wataka ndogo nyingi ukutani, kila pembe izungumze kwa upole."

"Kama mke mwenye adabu."

"Kama mume mwenye adabu," akasema Maisara, na Faiz akamwaga chai kwenye kisahani.

Skrini ya biashara ilipofika, Bi Mwanakuu alibonyeza rimoti mpaka kidole kikamuuma. "Haina stesheni? Chombo chote hiki hakina stesheni? Tamthilia yangu nitaitazama wapi?"

"Hii ni ya kazi, Shangazi. Yaonyesha unachoiletea tu. Ya sebuleni kwako nitakutafutia ya nyumbani. Nyumbani mtu huchagua kinachompendeza yeye. Biashara, huchagua kitakachowastahimili asiowajua."

Maneno yale yalimwingia Maisara, na aliyeyasema akamwingia zaidi. Simu zikaanza.

"Umekula?" Maisara akauliza.

"Nimekula viazi karai."

"Bila mimi? Na vilishuka?"

"Vilishuka kwa tabu, laazizi. Maisara, wale walioniita kazini Nairobi watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi tu. Niwambie naja au siji?"

"Maliza waya kwanza."

"Mwanamke mgumu weye! Haya, nambie tena, skrini waitakia nini hasa?"

"Nataka wa nyuma wamuone bi harusi. Kila sherehe ya kupamba, bi harusi akitolewa tu, wa mbele husimama, wa nyuma hurudi makwao wameona migongo."

"Wataona mpaka kope zake. Niachie mimi."

Akamwachia.

Kupamba kwa kwanza kulikuwa kwa Nabiha, binti wa watu wa Ganjoni. Wanaume wote walitoka nyumbani, milango ikafungwa, simu zikakusanywa kwenye kapu kama ilivyo desturi. Mabuibui yakavuliwa. Chini yake mlikuwa na hariri za kijani na zambarau, mikono ya hina mpaka kiwiko, nywele zilizofumuliwa zikanukia asumini. Nabiha akaingia. Skrini ikawaka, na uso wake ukajaa ukuta mzima, kope na yote. Vigelegele vikapanda.

Kisha mwanamke mmoja akainua macho pembeni mwa dari. Palikuwa na kijidude kidogo, na kijidude kilikuwa na taa.

"Wallahi ni kamera! Twapigwa picha!"

Vigelegele vikakatika. Mikono ikakimbilia mabuibui yaliyotundikwa migongoni mwa viti, na kabla wimbo haujafika kituo, ukumbi uliokuwa bustani ulikuwa mweusi mtupu. Mamake Nabiha alimfunika binti yake kwa leso, kichwa na koja la maua. Bi Mwanakuu aling'oa waya ukutani, lakini nusu ya wageni walikuwa washafika mlangoni.

Maisara alipiga simu akiwa jikoni.

"Faiz, umetia kamera kwenye kupamba?"

"Ndiyo. Si ulisema wa nyuma wamuone?"

"Wanawake wamevua mabuibui mle! Picha ziko wapi?"

"Hakuna picha! Haiweki kitu. Yapita kwenye waya mpaka kwenye skrini, basi. Kumbi zote za hoteli—"

"Hapa si hoteli."

"Maisara, hunisadiki?"

Maisara alinyamaza. Hakuwa na hakika, na kule kunyamaza Faiz akakusikia vizuri.

"Basi buriani," akasema. Safari hii basi lilimchukua yeye na begi lake.

Maneno hayana miguu lakini hutembea. Yalipofika Biashara Street, baina ya maduka ya leso, yalishakuwa kwamba picha za Nabiha zimeonekana Dubai. Waliokuwa wameuweka ukumbi kwa sherehe zao wakauacha, mmoja mmoja. Ami zake Maisara wakaanza kuja na wageni wenye futi ya kupimia kuta.

Maisara alikonda. Kilichomchoma zaidi hakumwambia mtu: siku ile Faiz alipokuwa juu ya ngazi akikifunga kile kijidude, yeye alikuwa papo hapo, ameshika ngazi. Alikuwa akimtazama mfungaji, si kinachofungwa.

Bi Mwanakuu ndiye aliyechoka kwanza. Adhuhuri moja akampigia Faiz, sauti ya simu kaipandisha juu.

"Mwana wa watu, hivi kwenu hawaozi?"

"Wanaoza, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hukujua wanawake wakiwa peke yao huwa vipi?"

"Ningejulia wapi? Mamangu alikufa nikinyonya. Sina dada, sina khala upande wa mama. Nyumbani kwetu Tononoka tulikuwa mimi, baba na ami zangu. Harusi kwangu mimi ni biriani, kahawa na pazia. Nyuma ya pazia sijapata kuambiwa na mtu."

Maisara, aliyekuwa ameegemea mlango, aliinyakua ile simu.

"Faiz."

"Naam."

"Ungeniuliza."

"Na weye ungeinua macho."

"Niliyainua. Hayakufika darini, yaliishia kwako."

Upande wa pili kicheko kikatoka, kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi.

"Unisamehe," akasema Maisara. "Nilisita kukusadiki. Rudi, mpenzi."

Alirudi. Bi Mwanakuu aliwaalika wanawake wote wa siku ile kwa chai ya alasiri, waliobaki na waliotoka. Walikuja na mabuibui yao na nyuso zilizonuna. Faiz aliomba radhi macho yakiwa sakafuni, akapanda ngazi, akaing'oa kamera, akaufuata waya wake mpaka kwenye skrini waone hakuna chombo kingine njiani.

"Na weye siku ile uliona nini?" akauliza mamake Nabiha.

"Nilikuwa Buxton nala mahamri, Mama. Lakini kosa ni langu. Niliupima ukumbi, sikuwauliza nyinyi mwakaa vipi."

"Na sisi wa nyuma je?" sauti ikatoka nyuma.

"Mwinueni bi harusi!" mwengine akajibu. "Fundi wa mbao hayuko mji huu?"

Wakacheka. Mamake Nabiha ndiye aliyecheka mwisho, lakini alicheka. Kisha akakaza jicho. "Na Nairobi umeiwacha kwa ajili ya kung'oa waya tu?"

Faiz akaukunja ule waya. "Nimerudi kuposa. Baba atazungumza na wanaume wenzake. Lakini kwa upande wa wanawake, Mama, sina wa kumtuma."

Mamake Nabiha akasimama, akajifunga leso kiunoni juu ya buibui lake.

"Nani kasema huna? Mimi niko. Nani mwengine upande wa Faiz?"

Viti vikakwaruza. Wakavuka mmoja baada ya mwengine, hata wale waliokuja na uso wa chumvi, mpaka Bi Mwanakuu akabaki peke yake na birika lake.

"Hee! Mwaniacha pweke nyumbani kwangu?"

"Haya mkwe, tukaribishe vizuri! Tumekuja kuposa."

Nyuma ya pazia la jikoni, Maisara alikuwa amejiziba mdomo kwa ushungi, acheka na kulia kwa pamoja.

Walioana baada ya Ramadhani. Nabiha ana mtoto mmoja na anakaa Ganjoni. Mamake husimamia maua ya ukumbi. Ami zake Maisara waliacha kuleta watu wa futi. Fundi alijenga jukwaa la mbao ya mvule, na ile skrini iliuzwa kwa chuo kimoja cha Tononoka. Bi Mwanakuu alipata televisheni ya nyumbani. Kadenge bado ana tuktuk ile ile. Faiz ana duka dogo la kufunga vyombo, na kazi za kumbi za wanawake huziendesha Maisara na mafundi wawili wa kike. Kule Nairobi waliajiri mtu mwengine.