Sauti ya Bibi wa Taa

Kosa la mia mbili na kumi na nne lilikuwa kivuli.

Kazini walimwita Mama Kasoro, maana kazi yake ilikuwa kucheza michezo ya kompyuta kutwa nzima na kuandika kila kilichokwenda mrama kabla haijauzwa. Safari hii kampuni ilitaka kuitoa upya michezo yote minne ya mfululizo wake maarufu, ule wa mji wa kale kando ya mto, naye akapewa rundo la barua za wachezaji waliochoka kuvumilia. Kisima kilikuwa kushoto kwa lango katika mchezo wa kwanza. Katika wa pili kimehamia kulia. Mhunzi aliyepoteza jicho vitani, miaka kumi baadaye anakodoa yote mawili. Mfalme alizikwa mara mbili, na mara zote mkewe alilia kama vile ndiyo kwanza anapata habari. Mama Kasoro aliyaandika moja moja, akicheka peke yake.

Hakucheka alipomwona kikongwe kwenye daraja la mchezo wa nne.

Alisimama na taa mkononi, amejitanda shuka la kijivu, na kivuli chake kilielekea kwenye taa badala ya kuikimbia. Tena hakupaswa kuwapo kabisa. Bibi wa Taa alikufa maji mwishoni mwa mchezo wa kwanza. Kila mchezaji alilijua hilo, na Mama Kasoro alilijua kuliko wote, kwa kuwa sauti ya Bibi wa Taa ilikuwa ya mama yake mzazi.

Miaka sita nyuma, mwigizaji waliyemtegemea aliugua siku ya kurekodi, Mama Kasoro akakimbia kumleta mama yake, mwalimu mstaafu. Mama alisoma sentensi arobaini na moja katika chumba kidogo kilichozibwa kuta kwa magodoro, akatoka akijipepea. "Mmenifungia kama kuku anayeatamia!" Mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo, kila saa ya chakula cha mchana, bintiye alijifungia mle chumbani, akavaa vipaza sauti vya masikioni na kuzisikiliza zile sentensi mpaka machozi yamkauke. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Akamwita fundi wa programu, mtu mzima mpole aliyetafuna karanga siku nzima. Fundi akapekua mashine yake, akapekua tena.

"Mama Kasoro, huyu hayumo."

"Hayumo vipi, na mimi namwona?"

"Darajani hatukuchora mtu. Hata sauti yake hatukuileta kwenye mchezo huu." Akaacha kutafuna, akanusa. "Nani kaingia na tope humu?"

Walikuwa ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa. Lakini harufu ya tope la mtoni, zito na baridi, ilikuwa imejaa chumba.

Fundi aliporudi kwenye meza yake, kikongwe aligeuka polepole, akatazama nje ya kioo.

"Kifungo," akasema. "Mbona umekonda hivyo?"

Hiyo haikuwa moja ya zile sentensi arobaini na moja. Na hakuna mtu pale kazini aliyejua kwamba mama yake alikuwa akimwita Kifungo.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alilia, akakisogelea kioo, halafu akalifuta kosa la mia mbili na kumi na nne kwenye orodha. Kwa siku tisa walizungumza kwa kunong'ona saa za mchana, wenzake wakidhani anaimba. Mama aliuliza habari za kila mtu. Siku ya kumi akasema, "Nipeleke nyumbani, Kifungo, nikamwone mjukuu wangu." Jioni hiyo Mama Kasoro akaibeba kompyuta.

Mumewe ndiye aliyeanza kuona mambo. Sakafu ya ukumbini ilikuwa na unyevu usiokauka. Kisha akamshika mkewe mkono jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, mtoto anaongea na nani chumbani?"

"Na madoli yake."

"Madoli gani yanayomjibu?"

Mama Kasoro akatembea kuelekea chumbani, na kila alivyokaribia harufu ya tope ilizidi, na unyevu ukaanza kupenya soksi zake, na akasikia maji yakitiririka mahali pasipo na bomba, na akajiambia ni jirani anafua, ni mvua, ni masikio yangu tu, mpaka aliposukuma mlango akamkuta binti yake wa miaka minne ameketi wima mbele ya kompyuta iliyozimwa, taa ya mezani ikimwangaza usoni, na kivuli cha yule mtoto hakikuwa nyuma yake ukutani bali kimelala mezani mbele yake, kimeinyooshea taa vidole.

Mtoto hakugeuka. Akasema, kwa sauti nzito ya mwanamke mzee, "Funga mlango, Kifungo. Baridi inaingia."

Alipiga ukelele uliowatoa majirani.

Usiku huohuo mtoto alishikwa na homa. Asubuhi dada yake Mama Kasoro alifika na mganga, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, maana siku nyingine alishona sare za shule. Mganga akamnusa mtoto nywele, akamgeukia Mama Kasoro.

"Ulikuwa unamwita nani?"

Ndipo alipoyasema yote: chumba cha magodoro, sentensi, miaka mitano ya kila mchana.

"Mwanangu," mganga akasema, "jini halina sauti yake, huokota za watu. Wewe ulimwita mama yako kila siku, na mama yako hawezi kuja. Aliyeweza akaja. Sasa anataka na mwili."

"Tumfanye nini?"

"Mnyang'anyeni alichookota. Na mkono uwe wako."

Ilikuwa siku ya mapumziko. Fundi aliwafungulia ofisi bila kuuliza mengi. Tangu ile harufu alikuwa halali vizuri. Wakaingia chumba cha magodoro, baba amempakata mtoto, dada ameshika maji, mganga anasoma chinichini. Fundi akazifungua rekodi zote za mama, za asili na nakala zake, akampisha Mama Kasoro kiti.

Mtoto akafumbua macho.

"Kifungo," ikasema ile sauti kinywani mwake. "Nilikubeba mgongoni shule nzima ikinicheka. Leo unanifuta?"

Mama Kasoro akauondoa mkono kwenye kitufe.

"Hutanisikia tena. Utaniua mara ya pili?"

"Dada," akanong'ona, "ni yeye. Msikilize, ni yeye."

Dada yake alikuwa akilia pia. "Mdogo wangu, mama angemfanya mjukuu wake hivi?"

Mama Kasoro akafumba macho, akabonyeza.

Magodoro yalivuta pumzi. Hivyo ndivyo fundi alivyoeleza baadaye, kwamba kuta zote zilijaa upepo kisha zikanywea. Harufu ikakatika. Mtoto akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, akidai maji.

Michezo ilitoka miezi mitatu baadaye. Katika barua za kwanza, mchezaji mmoja alilalamika kwamba Bibi wa Taa anafumbua mdomo na maneno yanapita kwa maandishi chini ya kioo, lakini yeye hasikiki. Hilo walilitarajia. Ila mchezaji aliendelea: hata kwenye nakala yake ya zamani, aliyoinunua miaka sita nyuma na ambayo kampuni haijawahi kuigusa, bibi amekuwa bubu.

Mama Kasoro aliisoma barua mara mbili. Akajaribu kumkumbuka mama yake akiita kutoka jikoni. Aliuona mlango, akamwona mama kasimama, aliona hata midomo ikisogea. Hakusikia kitu.

Akampigia dada yake.

"Dada, hebu niigizie mama alivyokuwa akituita tukichelewa kurudi."

Dada yake akacheka, akavuta pumzi aanze. Akavuta tena.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo."

Mama Kasoro alingoja, simu sikioni, mpaka akasikia dada yake ameanza kulia.