Weka Kubwa, Mwanangu

Jua lilikuwa linazama mwenye duka la dawa alipovuka barabara na kusimama mlangoni kwa Bi Flashi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mumewe alipotaka kumchokoza. Alikuwa mpiga picha wa watu: maharusi, wazee, watoto wanaolia mpaka waonyeshwe peremende. Saa hiyo alikuwa anafuta lenzi, tayari kufunga studio.

"Dada, nisaidie. Mama yangu mzazi hali yake si nzuri. Wajukuu walio mbali wanataka kumwona. Twende mara moja, ni hapo nyuma tu."

"Kwa mama, kaka, nani atakataa?"

Alikuwa ameshatupia kamera begani yule bwana aliposhusha sauti.

"Ila, dada… weka ndogo."

"Ndogo vipi?"

"Hizo kamera zenu si zinachaguliwa ukubwa wa picha? Kubwa, ya kati, ndogo. Na ubora wake. Weka ndogo kabisa, ubora wa chini kabisa. Ni ya kutuma kwa simu tu."

Bi Flashi akacheka. Kwake yeye hiyo ilikuwa sawa na kumwambia mpishi apike bila moto. "Kaka, picha kubwa utaipunguza utakavyo. Ukishaipiga ndogo, basi. Ukija kuikuza inakuwa vipande vipande kama sakafu ya vigae, mama hana jicho wala pua. Na siku hizi hatujui…" Akajiuma ulimi.

Mwenye duka hakucheka.

"Weka ndogo. Niahidi."

"Haya. Ndogo."

Chumba cha bibi kilikuwa safi, pazia limefungwa, kitanda kimetandikwa. Lakini kilinuka. Kilinuka nguo zilizoloa zikasahaulika kwenye beseni. Bi Flashi akatupa macho huku na huku. Hapakuwa na beseni wala nguo iliyoanikwa. Ukutani zilining'inia picha za familia, zote hafifu, nyuso kama madoa ya chai.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo kwa ukuta. Mwembamba, macho makubwa. Bi Flashi akamwamkia, akaanza kupanga taa. Mara simu ya mwenye duka ikalia. Mteja alikuwa anamngoja dukani. Akamtazama mpiga picha kwa jicho la kuonya, akatoka.

Mkono wa bibi ukamshika Bi Flashi kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Amekwambia uweke ndogo?"

"Ndiyo, mama."

"Weka kubwa, mwanangu."

"Nimemwahidi, mama."

"Anayepigwa ni mimi au yeye?" Machozi yakamlenga. "Tazama huo ukuta. Nitakufa, na wajukuu wangu watabaki wananiona kama moshi. Nami ni mtu. Nina sura."

Maneno hayo yalimgusa Bi Flashi penye kidonda. Mama yake mwenyewe alimwachia picha moja tu, ndogo kama ukucha. Siku ya mazishi waliikuza, wakapata kivuli chenye leso. Yeye, mpiga picha, alimzika mama yake bila uso.

Akaiweka kamera ihifadhi kila picha mara mbili: ndogo ya kumwonyesha mwana, na kubwa, ya ubora wa juu kabisa, yenye kila mkunjo na kila unywele.

"Tayari, mama. Tabasamu."

Bibi akatabasamu. Kisha akasogea pembeni kidogo kwenye kiti, kama mtu anayempisha mwenzake.

Aliporudi studio, Bi Flashi alijitanda shali, maana kibaridi kilikuwa kimeanza kumtambaa mgongoni. Akawasha kompyuta ili azione zile kubwa kabla ya kwenda nyumbani.

Alianza na ndogo. Bibi alionekana. Nyuma ya kiti palikuwa na doa la kijivu. Kivuli cha pazia, alijisemea.

Akafungua kubwa.

Doa lilikuwa na mabega.

Akakuza. Ilikuwa nguo nzito, imeloa, imegandamana na mwili. Juu yake shingo. Juu ya shingo uso uliogeukia pembeni, kuelekea sikio la bibi, kama anayenong'ona. Macho yalikuwa na ukungu, kama ya kipofu.

Bi Flashi aliinuka akafunga mlango wa studio. Kisha akafungua picha iliyofuata. Kwenye ile, uso ulikuwa umegeuka nusu, na ukungu machoni umepungua.

Kwenye ya mwisho…

Alikuwa anatazama kamera.

Angezima pale pale, yangeisha? Hakuna ajuaye. Lakini mkono wa mpiga picha una mazoea yake. Ukakuza. Kope zikaonekana moja moja. Ukakuza tena, mpaka mboni ya jicho ikajaa kwenye kioo, angavu kama maji ya kisimani.

Wenye kazi hii wanajua: ndani ya jicho la unayempiga picha huwa unajiona mwenyewe, mdogo, na kamera yako usoni. Bi Flashi alijitafuta mle ndani. Akajiona.

Hakuwa na kamera usoni.

Alikuwa amekaa, amejitanda shali, ameinamia kompyuta. Amepigwa kutoka nyuma.

Harufu ya nguo mbichi ikajaa studio. Karibu na sikio lake kitu kikavuta pumzi… taratibu… kama mtu anayejiandaa kusema.

Alimpigia simu mwenye duka.

"Uliweka kubwa," yule bwana alisema kabla hata hajaamkiwa.

"Nani yule, kaka?"

"Hatumjui. Marehemu baba alimpata kwa picha. Kisha mama akampata kwa baba. Tunachojua ni kimoja tu. Kadiri unavyomwona, ndivyo anavyokuona. Kwenye picha hafifu ni kipofu, anabaki alipo. Ukimpiga sawasawa…"

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia ungekuja?"

Alifuta zote. Kadi akaivunja kwa koleo, kompyuta akaing'oa kwenye umeme. Harufu haikuondoka. Ilimfuata barabarani, ikaingia naye nyumbani, ikalala naye. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aligeuka kitandani akauliza kama kuna nguo zimechacha mahali.

Asubuhi alimkuta bibi dirishani, pazia limefunguliwa, anakunywa chai ya moto. Mashavu yalikuwa yamepata rangi. Chumba hakikunuka kitu ila sabuni.

"Mama. Ulijua."

Bibi akaweka kikombe chini. "Nimekaa naye tangu nina meno yangu yote. Kila usiku ananinong'oneza. Nilitaka kufa nikiwa peke yangu, mwanangu. Ni hicho tu."

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wote waliokuja waliogopa mwanangu aliposema ndogo. Wewe ulinihurumia."

Bi Flashi alitaka kumtukana, akashindwa. Alitaka kulia, nako akashindwa.

"Ananong'ona nini?" akauliza mwishowe.

"Utamsikia," bibi akasema, akageukia dirisha.

Alimsikia. Alichosikia hakumwambia mtu. Watu waliona tu kwamba Bi Flashi amekonda, anashtuka akiitwa kwa nyuma, na mtu akiinua simu mbele yake, anajifunika uso. Alijiapia jambo moja: yule bibi alimkabidhi mwenzake, yeye hatamkabidhi mtu. Huyu ataingia naye kaburini. Kwa hiyo hakupigwa picha tena, si harusini, si msibani.

Miezi ikapita. Jioni moja alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, mumewe akamsimulia jinsi mteja alivyoagiza geti, akasahau kuleta vipimo vya ukuta, na geti lilipokataa kuingia akataka ukuta ndio uvunjwe. Bi Flashi akacheka. Kicheko cha kweli, kichwa nyuma, meno yote nje. Kwa muda mrefu hakuwa amecheka hivyo.

Akasikia mlio mdogo wa kamera.

Mumewe alikuwa ameshika simu. "Usinitolee macho! Nimekumisi ukicheka, mke wangu. Na nimeweka ubora wa juu kabisa, maana najua utaniletea maneno." Akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua.

"Usikuze!" Ungo ulimwanguka, mchele ukatapakaa. "Baba, nakuomba, usikuze!"

Vidole vikatanuka tena. Tabasamu la mumewe likafifia polepole, akainamisha uso karibu na simu.

"Mke wangu…" akanong'ona. "Huyu nyuma yako ni nani?"

Bi Flashi alijishika shingoni. Mgongo wake ulikuwa unapata joto. Shingo ilikuwa nyepesi, na hewa aliyovuta ilikuwa safi, haina harufu yoyote, tamu mno mpaka machozi yakamtoka. Alimtazama mumewe aliyeanza kupapasa bega lake kama mtu aliyemwagiwa maji.

Na kabla hajapiga kelele, kabla hajamkimbilia, moyo wake ulikuwa umeshasema: ahsante.