Aliyemwosha Annick Miguu

Jumamosi asubuhi, wiki mbili baada ya mazishi ya mke wangu Annick, shemeji yangu Claudette alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Niboye, kuchukua nguo za dada yake. Nilimpa chai. Mimi hufundisha jiolojia. Yeye huuza vitenge sokoni Kimironko, na hupenda kunitania.

"Mwalimu wa mawe," akasema, "kumbe na wewe una moyo! Asante kwa kumpeleka Annick kwenye chemchemi ya maji ya moto."

Sikumpeleka. Mke wangu aliniomba mara tatu. Niliona haya, nikaogopa wanafunzi wangu wasije wakanikuta nimembeba mgonjwa kati ya watu wanaotafuta uponyaji. Nikamdanganya kwamba barabara imekatika. Alhamisi moja nilijaza dumu bombani, nikachemsha maji, nikamwambia yametoka chemchemi. Alitia miguu ndani ya beseni.

"Asante kwa leo," akasema. Siku ya nne akafariki.

Claudette alinionyesha simu. Ilikuwa picha ambayo Annick alimtumia Alhamisi hiyohiyo, saa ileile nilipokuwa kwenye foleni ya bomba. Miguu yake imo ndani ya kidimbwi chenye mvuke. Mwanamume amepiga magoti, anaiosha. Kovu la utosini mwake ni langu.

Nyuma yao, matuta meupe, ngazi juu ya ngazi. Najua yanavyojengeka. Maji ya moto yenye gesi huyeyusha chokaa ardhini; yakifika juu, gesi hutoka kama ya soda iliyofunguliwa, na chokaa hubaki. Hushika zaidi ukingoni, pale maji yanapomwagika kwa utando mwembamba. Ukingo huinuka, huzuia kidimbwi, kidimbwi hufurika, na tuta jingine huanza chini yake. Huchukua miaka mingi mno. Nimepima chemchemi nyingi za nchi hii. Mahali pale sijawahi kupaona.

"Mwanaume kumwosha mkewe si aibu, shemeji. Kesho Mama anataka kukushukuru mbele ya familia. Si ni wewe?"

Ningeweza kusema kweli.

"Ni mimi," nikanong'ona. Masikio yaliniwaka.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama mkwe; Claudette akaweka spika.

"Usiningoje, Claudette. Mkwe wangu amenifuata kwa gari. Ananipeleka kwenye yale maji."

Claudette alinitazama. Nyuma ya sauti ya mama yake nilisikia sauti yangu mwenyewe, ya upole kuliko nilivyowahi kuitumia.

"Mama, funga mkanda."

Mama mkwe alifika kwangu alasiri, akitembea bila fimbo aliyoitegemea miaka yote. Alimkumbatia binti yake. Mimi hakunisalimu.

"Huyu mgeni wako ni nani?" akamnong'oneza, akinitupia jicho.

Kwenye vigae aliacha nyayo za chokaa ngumu. Kando ya zake, nyayo za mwanamume. Niliweka mguu wangu juu ya mmoja.

Mguu uliingia sawasawa. Unyayo ulikuwa bado na joto.