Jani la Kivulini na Jani la Juani

Kila siku kabla ya adhuhuri Hinal aliunga dengu. Mafuta yakishika moto, alinyoosha mkono kibarazani, akachuma majani ya limdo, mti wa kiungo cha Kihindi, akayatupia sufuriani. Nyumba nzima ikanukia.

Mti ule ulikuwa wa mama mkwe wake, Shobhana. Aliupanda miaka ishirini iliyopita katika pipa lililokatwa nusu, nyumbani kwao ghorofa ya tatu, Kariakoo. Sasa Shobhana alikuwa Arusha kwa binti yake aliyejifungua. Alipoondoka alisema neno moja tu: "Hinal, nakuachia mti wangu."

Hinal alikuwa ameolewa miezi saba tu. Alijua kwamba mti ukifa, atakumbushwa kila sikukuu mpaka azeeke.

Tatizo lilikuwa mwanga. Mwaka uliopita jirani alijenga ghorofa refu, likaziba jua. Mti ukawa na vijitawi virefu, vyembamba.

"Tuupandishe juu ya paa," Hinal alimwambia mumewe, Dhruv. "Huko jua limejaa tele."

Dhruv alilalamikia mgongo wake kabla hata hajaligusa pipa. Hata hivyo aliita wapagazi wawili, wakalipandisha.

Siku ya nne Hinal alipanda kuutazama mti. Majani yalikuwa na mabaka meupe. Mengine yalikuwa yamekauka kabisa. Wakati huohuo simu ikaita.

"Mti wangu vipi?" Shobhana aliuliza.

"Upo, Mama," Hinal alijibu, na aliona aibu kwa jibu lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nasma, dada auzaye miche kando ya barabara.

"Mambo, dada?"

"Poa. Yaani, siyo poa hata kidogo." Hinal akamweleza yote.

Nasma aliguna. "Umeutoa kivulini ukauweka kwenye jua kali ghafla? Umeukaanga, dada yangu!"

"Lakini mti si unataka jua?"

"Unataka. Njoo uone." Nasma aliuendea mfenesi mkubwa uliokuwa nyuma ya miche yake. Akachuma jani la juu, kisha jani la ndani, lililofichwa na mengine. "Shika yote mawili. Unaona nini?"

"Hili la juu ni dogo, nene. La ndani ni pana na jembamba."

"Na mti ni mmoja! Jani la juu limeumbwa kuvumilia jua. Jua la saa sita ni kali mno, jani haliwezi kulitumia lote. Mwanga unaopenya chini unadakwa na haya mapana. Kwa hiyo mwanga haupotei hovyo. Sasa mti wako umekaa kivulini mwaka mzima. Majani yake yote ni ya kivulini. Jua kali hayaliwezi."

"Basi niyakate yote, yaote mapya?"

"Thubutu! Jani ndilo jiko la mti. Linachukua mwanga, maji na hewa, linapika chakula. Ukikata yaliyobaki kijani, mti utakula nini? Uweke kivulini hukohuko juu. Uupeleke kwenye jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu. Wiki ijayo mbili. Ongeza polepole. Majani mapya yatakuja yakiwa tayari kwa jua."

Hinal alifanya hivyo kila asubuhi. Dhruv naye alisukuma pipa, na mgongo wake haukuvunjika. Wiki ya tano machipukizi yalitokea, kisha majani madogo, magumu, yenye harufu kali.

Shobhana aliporudi, hakuketi hata kunywa chai. Alipoambiwa mti uko juu ya paa, alipanda ngazi, Hinal na Dhruv wakimfuata, akasimama mbele ya mti wake. Nusu ya matawi yalikuwa matupu.

"Niliuunguza, Mama," Hinal alisema. "Na kwenye simu sikukwambia ukweli. Nisamehe."

Shobhana alimgeukia mwanawe. "Dhruv, ita wapagazi. Mti wangu urudi kibarazani."

Hinal alikuwa hajawahi kumpinga mama mkwe wake. "Hapana, Mama. Majani haya mapya ni ya juani. Kule chini yatakosa mwanga, mti utadhoofika tena."

Dhruv alitazama viatu vyake. Shobhana alichuma jani moja jipya, akalisugua kiganjani, akalinusa kwa muda mrefu.

"Miguu yangu haiwezi ngazi hizi kila siku," alisema.

"Nitakuchumia mimi, Mama."

"Usichume tawi moja likaisha."

"Nitachuma kidogo kidogo, kila tawi."

Shobhana alimpa lile jani. "Basi kaunge dengu," alisema. "Mwenye mti nina njaa, na mwenye mti mwenzangu ndiye mpishi."